Simulizi, kielelezo au mpango: umfundishe vipi mwanafunzi kuandika hadithi fupi?

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kigoma dhamira, migogoro na muundo wa hadithi aliyosoma darasani, atakujibu bila kumung'unya maneno. Mwambie aandike ya kwake ya kurasa tatu, ataanza kukuna kichwa. Wala si ajabu. Kuchambua tunamfundisha miaka nenda rudi, kutunga tunampa vipindi viwili vitatu, tena mtihani ukiwa umeshabisha hodi. Ndipo walimu, na siku hizi hata wazazi na madada wanaowasimamia wadogo zao wakati wa likizo, wanapouliza waanzie wapi.

Njia zinazotumika zaidi ni tatu. Ya kwanza inaanzia mdomoni: mtoto asimulie, maandishi yafuate. Ya pili ni ya kielelezo: asome hadithi fupi iliyoandikwa vizuri, aifumue kama fundi anavyofumua gauni aone lilivyoshonwa, kisha atengeneze ya kwake. Ya tatu ni ya mpango: aseme kwanza nani anataka nini na kipi kinamzuia, ndipo ashike kalamu. Nimeziona zote tatu zikifanya kazi, na nimeziona zote tatu zikizaa madaftari ambayo hata mwenye nayo hataki kuyasoma.

Tuzipime kwa kipi

Kwangu mimi kipimo kizito kuliko vingine ni hiki: mwanafunzi wako anakwama wapi? Yuko anayekodolea karatasi tupu nusu saa nzima. Yuko anayejaza kurasa sita za "alienda, alifika, alirudi" na hakuna kilichotokea. Na yuko mwenye tukio zuri kabisa, ila lugha yake ni ya taarifa ya mtendaji wa kata. Hawa watatu hawasaidiki kwa njia moja. Kwa hiyo kabla hujachagua chochote, mpe dakika ishirini aandike ukurasa mmoja juu ya jambo lililomtokea yeye au mtu wa kwao. Usisahihishe. Soma tu, uone ni yupi kati ya hao.

Vipimo vingine ni muda ulio nao na idadi ya wanafunzi, vifaa, lugha, na mzigo wa kusahihisha. Lugha naitaja makusudi, maana watoto wetu wengi huongea Kiha nyumbani, Kiswahili cha mtaani wakiwa sokoni, na cha kitabuni wakiwa darasani, na hadithi hukwama katikati ya hivyo vitatu. Kisha kila njia ina ubovu wake, nao tutausema.

Tukubaliane pia hadithi fupi ni nini, kwa sababu wengine huleta maisha ya mtu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Edgar Allan Poe, Mmarekani, aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi ya namna hii isomwe kwa kikao kimoja, na kila kilichomo kielekee kwenye athari moja. Kwa mwanafunzi wetu maana yake ni tukio moja, watu wawili watatu, na mwisho mmoja. Kurasa tatu za kaunta buku zinatosha.

Kuanzia mdomoni

Inamkwamua nani. Mwenye karatasi tupu, na zaidi yule wa lugha ya taarifa. Kijana mmoja wa kidato cha pili, kwao ni upande wa Kibirizi na baba yake anavua dagaa, aliandika hivi: "Uvuvi ni shughuli muhimu ya kiuchumi katika Mkoa wa Kigoma. Siku moja nilienda ziwani pamoja na baba yangu. Upepo ulivuma sana. Tulipata shida nyingi lakini tulirudi salama." Nikamwambia afunge daftari anisimulie.

"Tulikuwa mbali, mwalimu. Taa zinawaka zote, dagaa ndiyo wanaanza kupanda. Mara upepo huo! Baba akasema, zima. Mjomba hataki, anasema hawa tumeshawapata, tuvute kwanza. Baba hakurudia. Akaizima ya kwanza mwenyewe."

"Hayo mbona hukuyaandika?"

"Mwalimu, si maneno ya nyumbani tu hayo?"

Tazama kilichotokea. Kwenye daftari kila kitenzi kimevaa -li-. Mdomoni nyakati zinapishana, "zinawaka", "akasema", "hataki", kama afanyavyo msimuliaji yeyote aliyekulia kwenye "hadithi hadithi, hadithi njoo". Kwenye daftari kuna upepo na shida nyingi. Mdomoni kuna baba na mjomba wanaovutana juu ya samaki walio chini ya taa, na kuna "Baba hakurudia", maneno mawili yanayokuambia baba ni mtu wa namna gani. Hadithi ilikuwepo. Ni sisi tuliomfundisha kwamba kalamu inataka lugha iliyovaa tai.

Utaratibu wake si mgumu. Asimulie mara mbili kwa watu wawili tofauti. Mara ya pili mwenyewe ataacha visivyo na kazi. Msikilizaji asimkatize, na mwishoni aulize matatu tu: nani alisema nini, wewe ulikuwa umekaa wapi, na wakati ule ulitaka nini. Kisha aandike papo hapo. Ikilala hadi kesho, ile taarifa itarudi.

Muda na idadi. Vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80, vinatosha kusimulia na kupata rasimu. Hata darasa la watu sabini linawezekana ukiwaweka wawili wawili, ila kelele utaisikia, na mwalimu wa chumba cha pili atakuja mlangoni. Watoe nje, chini ya mwembe.

Vifaa. Hakuna. Simu ya kurekodi si lazima, na mtoto akianza kunakili rekodi neno kwa neno atamaliza jioni yote.

Lugha. Mruhusu asimulie kwa Kiha kwanza kama ndiko ulimi unakopita vizuri. R na L zikibadilishana kwenye rasimu, ziache, zina siku yake. Maneno ya wahusika yabaki yalivyosemwa. Ya msimulizi ndiyo utakayoyanyoosha baadaye.

Kusahihisha. Rasimu zinakuja ndefu, hazina aya, na "halafu" na "basi" kila mstari. Usizikatae. Mwambie atafute mahali atakapokata aya tatu, ndiyo kazi ya kwanza.

Ubovu wake ni kwamba humfunga mtoto kwenye yaliyompata. Akishaandika hadithi chache anakwambia ameishiwa. Na liko la uzito zaidi kwa mkoa kama huu, uliopokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo kwa miongo mingi: darasani kwako anaweza kuwemo mtoto ambaye yaliyompata hayasemeki mbele ya deski la jirani. Usimsukume. Mpe nafasi asimulie ya bibi yake, ya mtu aliyemwona stesheni, au abuni. Mwenye kutaka kuyasema atayasema siku yake.

Kielelezo

Inamkwamua nani. Mtoto anayeandika bila woga na ana la kusema, lakini hajui hadithi iliyoandikwa huwa inakaaje: inawezaje kuanzia katikati ya ugomvi, inarukaje siku tatu kwa sentensi moja, mazungumzo yanaingiaje bila "alisema" kila mahali. Hayo mdomo haufundishi. Msimuliaji ana macho na mikono ya kumsaidia, mwandishi hana.

Njia hii ni ya zamani. Benjamin Franklin, akiwa bado kijana Boston, alikuwa akichukua makala za gazeti moja la Uingereza, anaandika kidokezo kifupi cha kila sentensi, anaziweka siku kadhaa, kisha anajaribu kuziandika upya kwa vidokezo vile bila kutazama. Akimaliza analinganisha na zile za awali na kurekebisha pale alipoanguka. Wakati mwingine alivichanganya vidokezo makusudi ili ajifunze kuvipanga.

Kwa hadithi fupi mimi hufanya hivi. Tunachagua isiyozidi kurasa nne, tunaisoma kwa sauti mara moja bila swali hata moja. Mara ya pili, pembeni ya kila aya mwanafunzi anaandika aya ile inafanya kazi gani, wala si inasema nini: "inamfikisha mtu mlangoni", "inatuficha kilichomo kwenye bahasha", "inaruka wiki nzima". Kisha kitabu kinafungwa. Anaandika ya kwake, aya zikifanya kazi zilezile kwa mpangilio uleule, lakini watu wengine na mahali pengine. Kielelezo kikiwa na kijana anayesubiri barua mjini, ya kwake inaweza kuwa na mama aliyekaa juu ya furushi stesheni ya Uvinza, treni ya kutoka Tabora haijafika, na aliyemo ndani yake hajui kama anasubiriwa.

Jambo moja tu la kuangalia: usitumie hadithi inayotahiniwa. Ukifanya hivyo, mtoto anaona maudhui na falsafa ya mwandishi, anaanza kuorodhesha.

Muda na idadi. Ni njia ya taratibu, majuma mawili au matatu kwa hadithi moja. Kikundi cha watu kumi au kumi na wawili kinatosha. Sabini hawawezekani, watakuwa wanasoma bega kwa bega nakala tatu.

Vifaa. Hapa ndipo inapouma. Nakala za hadithi fupi shuleni ni za kutafuta, na fotokopi mtu lazima ashuke mjini alipe. Ukikosa, andika aya mbili tatu ubaoni wanakili kwa mkono. Kunakili kunadharauliwa bure. Mkono unaonakili polepole huona koma na mahali sentensi ilipokatwa.

Lugha. Kwa hili inazipita mbili zilizobaki. Mtoto aliyezoea kusema "alikasirika sana" anakutana na mtu aliyefura, aliyevimba, aliyeng'aka, au aliyenyamaza akaendelea kuchambua mchele. Lakini hapohapo pana mtego. Amesoma hadithi ya mwambao, basi na yake inajaa asumini na baraza za mawe, na hajawahi kunusa asumini maishani. Anachokijua puani mwake ni mawese yakichemka na dagaa wakikauka juani. Mrudishe huko.

Kusahihisha. Nyepesi kuliko zote, kwa sababu kazi kubwa anaifanya yeye: anaweka yake na ile ya kitabuni sambamba anaona mwenyewe ilipopwaya. Unachopaswa kulinda ni wizi. Sentensi mbili nzima zikihama na kuingia kwenye daftari, msimamishe palepale. Aelewe tangu mwanzo kuwa hii ni kazi ya mazoezi, haipelekwi kwenye shindano wala gazeti la ukutani kwa jina lake.

Mpango

Inamkwamua nani. Yule wa kurasa sita zisizofika popote. Humfaa pia anayependa kubuni na asiyetaka kabisa kuzungumzia ya kwao.

Mpango unaochorwa ubaoni mara nyingi ni ule wa ngazi tano, unaopanda hadi kilele na kushuka. Unatokana na Gustav Freytag, Mjerumani, aliyeueleza mwaka 1863, na yeye alikuwa akizungumzia tamthilia za sehemu tano, si hadithi ya kurasa tatu. Ndiyo maana mwanafunzi huishiwa karatasi akiwa bado anapanda. Mimi huukata ukawa maswali manne, kila moja lijibiwe kwa sentensi moja: nani anataka nini leo? Kipi kinamzuia? Anafanya nini ambacho hawezi kukirudisha? Mwisho, nini kimebadilika?

Chukua MV Liemba. Wape wanafunzi kichwa hicho bila mpango, utaletewa kwamba meli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande ikaunganishwa hapa Kigoma, Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924. Sahihi yote, na hakuna hadithi ndani yake. Sasa jibu yale manne. Zuwena anataka kupanda meli leo aende Kasanga, dada yake ni mgonjwa. Hana nauli, alizo nazo ni pesa za mjomba aliyemtuma kununua nyavu. Anakata tiketi. Dada anapona, lakini Zuwena hana tena pa kurudi. Hapo mwaka 1913 unaweza kuingia au usiingie kabisa, hadithi haitatetereka.

Muda na idadi. Ndiyo inayokwenda haraka. Mpango wa sentensi nne hutoka ndani ya kipindi kimoja, na ya watu sabini unaweza kuisoma jioni moja kabla hawajaandika ukurasa. Hilo peke yake limewaokoa walimu wengi.

Vifaa. Ubao na chaki.

Lugha. Haimsaidii wala haimwumizi. Mwenye lugha ya taarifa atakuletea taarifa iliyopangwa vizuri.

Kusahihisha. Kuna swali moja linalotosha rasimu nzima: hiki ulichokitaja, kimefanya kazi gani? Anton Chekhov alimwandikia mwenzake mwaka 1889 kwamba usiweke bunduki yenye risasi jukwaani kama hakuna atakayeifyatua. Zile nyavu za mjomba, kama zimetajwa aya ya kwanza, lazima zifanye kazi baadaye.

Ubovu: hadithi za darasa zima zinafanana, na mwisho unauona tangu ukurasa wa kwanza. Mtoto mwenye kipaji hujiona kafungwa kamba. Ruhusu mpango uvunjwe katikati ya kuandika. Asiyeuvunja hata siku moja, huenda hajaanza kuwasikiliza watu wake.

Na kuandika bila kunyanyua kalamu?

Mtaniuliza juu ya hili, kwa sababu linapendwa sana: dakika kumi, kalamu isisimame, lolote liandikwe. Mmarekani Peter Elbow ndiye aliyelieneza tangu mwaka 1973. Ni zuri la kupasha mkono na kuondoa woga, na laweza kutangulia njia yoyote kati ya hizi tatu. Kuliita njia kamili siwezi. Linazaa maandishi, halizai hadithi.

Kinachobaki kwa njia zote

Vyovyote utakavyochagua, rasimu ya kwanza itakuja na mikia miwili ya darasani. Mbele kuna "Hapo zamani za kale", na tukio lenyewe ni la mwaka jana. Nyuma kuna "Hadithi hii inatufundisha kwamba tusiwe na tamaa." Vyote vikatwe, na mara nyingi aya nzima ya kwanza iende navyo. Kijana wa Kibirizi hadithi yake ilianzia kwenye "Baba akasema, zima." Hakuna msomaji aliyeuliza umuhimu wa uvuvi kiuchumi.

Sasa wewe uko wapi

Una darasa kubwa na vipindi vya kuhesabu kabla ya mtihani. Nenda na mpango. Soma sentensi nne za kila mmoja, rudisha zile ambazo swali la tatu halina jibu, waandike. Hazitakuwa hadithi za kukumbukwa, lakini zitakuwa na mwanzo na mwisho.

Una klabu ya Jumamosi yenye watu kumi hivi. Anza mdomoni majuma mawili wapate sauti zao, ndipo uwaletee kielelezo. Ukigeuza utaratibu huo, sauti ya kitabu itawakaa kooni, na kuitoa ni kazi.

Wewe ni dada au mzazi, unaye mtoto mmoja likizo. Hapa mdomo hauna mpinzani, jioni baada ya kula, tena usiku umeme ukikatika ndiyo bora. Kama ni mtoto wa kumeza vitabu, hamia kielelezo moja kwa moja na umwache afanye peke yake. Wewe msomee tu matokeo kwa sauti, asikie.

Mwanafunzi anaongea Kiswahili tangu anazaliwa, kama watoto wengi wa Ujiji, na maneno hayampi taabu. Simulizi atazimaliza haraka na zitakuwa ndefu mno. Mpe mpango wa kumbana. Mwenzake aliyekuja mjini karibuni kutoka vijijini Kasulu au Buhigwe na anaona aibu kufungua kinywa, huyo asianze kwa kuhutubia darasa. Asimulie kwa mtu mmoja, kwa lugha anayoitaka.

Anataka kushindana. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imekuwa ikipokea riwaya, ushairi na hadithi za watoto, kwa hiyo kurasa zake tatu ni za kujifunzia kabla ya kufika huko. Huyu anahitaji mpango wa kumfikisha mwisho, na baadaye kielelezo kwa ajili ya kuandika upya, mara tatu au nne. Asiyekubali kuandika upya mwambie mapema asijisumbue na bahasha.

Anasema hana la kusimulia. Mwulize ya Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mwaka 2024. Nani nyumbani alibadilisha kazi, nani aliuza nini, nani alikuwa akikaa ufukweni mchana kutwa bila sababu. Katika majibu yake matatu ya kwanza utapata mtu anayetaka kitu na kinachomzuia, na hapo unaweza kuendelea kwa mdomo au kwa mpango, upendavyo.

Na mwanafunzi akishaandika hadithi mbili tatu zinazofanana kwa njia moja, mhamishe, hata kama alama zake ni nzuri.